Gitaa la umeme linavuma, naombeni ushauri

SoloKisauni: Asalaam aleikum wanajukwaa. Nina gitaa aina ya Stratocaster, pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) tatu za koili moja moja, na amplifaya ndogo ya transista. Nikiwasha tu, mmmmm, hata sijagusa kitu. Nikishika nyuzi mvumo unapungua, nikiachia unarudi. Jumamosi tuna arusi Mtwapa, tunapiga muziki wa bango, na zile nyimbo za polepole ndizo zinazoharibika. Jamaa mmoja ameniambia nikate ethi kwenye plagi. Nifanyeje?

FundiLikoni: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hilo la kukata ethi usithubutu! Amplifaya ikivujisha stima kwenye bodi yake, ethi ndiyo inayoipeleka ardhini. Bila ethi itapita kwako: mkono uko kwenye nyuzi, mdomo uko kwenye maiki. Volti 240 zinaua.

Anza kwa kuchomoa kebo upande wa amplifaya. Ikiendelea kuvuma, ni yenyewe, mara nyingi kapasita za kuchuja stima zimechoka. Hapo mpe fundi, maana hukaa na chaji hata plagi ikiwa nje. Ikinyamaza, angalia kebo na gitaa.

DadaBesi: Kisha rudisha kebo, shika gitaa, geuka polepole. Mvumo ukipanda na kushuka, koili zinanasa sumaku ya transfoma iliyo karibu. Stima yetu ni hezi 50, kwa hiyo sikio la mpiga besi husikia kama G ya chini iliyopanda kidogo. Sogea mbali na amplifaya, zima taa za tyubu na chaja za simu.

SoloKisauni: Shukran sana. Kebo ikitoka, kimya. Nikigeuka, mvumo unabadilika. Ila swichi ya kuchagua pikapu ikiwa nafasi ya pili au ya nne karibu upotee wote, mbona?

FundiLikoni: Koili ya pikapu yako ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Kwenye nafasi hizo inafanya kazi pamoja na pikapu nyingine, kwa hiyo mvumo unafutana na sauti ya nyuzi inabaki. Ni kanuni ileile ya hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, aliyoibuni Seth Lover pale Gibson mwaka 1955. Arusini piga kwenye nafasi hizo mbili.

Huko kupungua ukishika nyuzi kunaonyesha waya wa ethi wa briji, kile chuma kinachoshika nyuzi, uko sawa, ila gitaa halina kinga ndani. Fungua, bandika foili ya shaba kwenye shimo lote la pikapu na vidhibiti, vipande vigusane, halafu lehemu waya kutoka foili hadi mgongo wa kidhibiti cha sauti. Pima kwa mita, ilie kila pembe. Ncha ya jeki (tundu la kebo) inayobeba sauti isiguse foili, gitaa litakuwa bubu. Na kwa kuwa tuko pwani, jeki ipulizie dawa ya kusafisha viungo vya umeme, chumvi inaila.

DadaBesi: Foili hiyo haitaondoa mvumo wa sumaku, itaondoa ule mkwaruzo mwembamba wa juu. Ukitaka kumaliza wote, weka pikapu za koili mbili zilizopangwa juu kwa chini, zinaingia kwenye shimo lilelile.

SoloKisauni: Basi foili nabandika wikendi ijayo. Jumamosi ni nafasi ya pili na ya nne, na ethi siigusi.