Superman yupi niwaonyeshe vijana wa klabu ya maigizo: Reeve, Cavill au Corenswet?

MwalimuWaZamu

Habari za jioni wakuu. Ninasimamia klabu ya maigizo ya shule ya sekondari hapa Tabora. Muhula huu tunaandaa igizo lenye mhusika anayeishi maisha mawili: nyumbani ni mpole asiye na neno, nje ni mtu mwingine kabisa. Kijana aliyepewa nafasi hiyo anabadilisha sauti tu, mwili wake unabaki uleule. Nikaona niwaonyeshe vipande vya Superman, kwa sababu Clark Kent na Superman ni mtu mmoja, na amechezwa na waigizaji wa kila zama.

Shida ni kwamba klabu imegawanyika. Wengi walimjua Henry Cavill wa Man of Steel (2013) kwenye kibanda umiza, kwa sauti ya DJ wa kutafsiri, na kwao hakuna mwingine. Wachache wameiona ile ya 2025 ya David Corenswet na wanamtetea kwa nguvu zote. Christopher Reeve wa 1978 wanamcheka kabla hajaruka, eti kavaa chupi juu ya suruali. Mimi nimekua na Reeve kwa kanda za VHS, kwa hiyo siwezi kuwa refa. Nani kamwigiza vizuri zaidi huyu steringi, na kwa nini? Naomba sababu zenye kuonekana kwenye picha, vijana wangu hawakubali maneno matupu.

ChumaChaPua

Mwalimu, chukua Cavill bila kusita. Man of Steel ndiyo picha iliyouliza swali la kweli: dunia itampokeaje mtu wa namna hii? Anahama kazi na kuhama mji, anafanya kazi kwenye meli ya uvuvi akiwa na ndevu zake, anaokoa watu kwenye mtambo wa mafuta unaowaka, kisha anapotea kabla hawajamuuliza jina. Upweke ule unaonekana machoni.

Halafu kuna ule mwisho. Jenerali Zod, adui wake anayechezwa na Michael Shannon, anaielekezea familia moja macho ya moto kwenye kituo cha treni. Cavill anamsihi aache, Zod anakataa, Cavill anamvunja shingo. Tazama kinachofuata: hashangilii, anapiga magoti na kulia kwa sauti. Mwigizaji gani mwingine wa Superman amebebeshwa uzito ule? Wengine wote wanatabasamu tu.

FundiWaMabega

Mwalimu, mimi ni fundi cherehani, nashona suti za kiume hapa Tanga, na muvi huwa naziangalia kuanzia mabegani kwenda chini. Kwa unachokitafuta jibu langu ni Reeve, na kipande chenyewe nakuelekeza.

Superman (1978), nyumbani kwa Lois Lane, mwandishi wa habari mwenzake Clark. Superman ameshamrusha Lois juu ya jiji usiku, amemrudisha barazani, ameondoka. Mara mlango unabishwa: ni Clark, amekuja kumchukua watoke kama walivyopanga. Lois, ambaye ni Margot Kidder, anaingia ndani kujiweka tayari. Clark anabaki peke yake sebuleni. Anavua miwani. Mgongo unanyooka, kifua kinapanda, kidevu kinainuka, sauti inashuka, na anamwita Lois ili amwambie ukweli. Lois anaporudi ujasiri umeshamtoka: miwani imerudi, mabega yameanguka, sauti ni ileile ya kubabaika. Kamera haikukatwa katikati na nguo hakubadili.

Sasa waambie vijana waangalie koti. Sekunde chache nyuma lilikuwa linaning'inia mwilini, ungeapa ni la kuazima. Aliponyooka likamkaa. Ni koti lilelile, vifungo vilevile. Mteja akija kupima huku amejikunja, namwomba asimame wima kabla sijashika futi, maana vipimo vya mtu aliyejikunja ni vya mtu mwingine. Reeve aliigiza hicho hasa. Alikuwa na urefu wa sentimeta 193 na akaweza kuuficha ndani ya suti ya kawaida, mbele ya macho yetu.

Na mwili ule ulikuwa wake. Walitaka avae misuli bandia chini ya vazi la buluu, akakataa, akanyanyua vyuma chini ya David Prowse, yule aliyevaa mavazi ya Darth Vader kwenye Star Wars. Kabla yake George Reeves wa televisheni miaka ya 1950 alivaa pedi ndani ya nguo. Tena vazi lake la mwanzo lilishonwa kwa kahawia na kijivu, kwa sababu picha ilikuwa nyeusi na nyeupe na kamera ilihitaji rangi zinazotengana. Buluu na nyekundu aliivaa walipoanza kupiga picha za rangi. Hata Reeve mwenyewe alishonewa vazi lililoelekea rangi ya feruzi kwa baadhi ya picha za kuruka, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na pazia la buluu, na buluu juu ya buluu ingemfuta mwilini.

Kuhusu vijana wanaocheka ile kaptula nyekundu, wape historia yake. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, walimtoa Superman mwaka 1938. Watu wenye nguvu wa sarakasi na wanamieleka wa enzi hizo walivaa kaptula juu ya nguo ya kubana, na Superman akavikwa hivyo. Kifundi mimi naitetea hadi leo. Kitambaa cha rangi moja kinachobana kutoka shingoni hadi kwenye buti hakina kiuno. Kaptula na mkanda wa njano vinaugawa mwili pale unapogawanyika kweli, na jicho linapata pa kupumzika.

Mkuu ChumaChaPua, kilio kile cha Cavill nakikubali, kinaniumiza kila nikikiona. Lakini soma swali la Mwalimu. Anataka mtu mmoja anayekuwa wawili. Man of Steel karibu yote haimpi Cavill nafasi hiyo, maana miwani anaivaa mwishoni kabisa, anapoanza kazi kwenye gazeti la Daily Planet. Hadi hapo ni mtu mmoja mwenye huzuni, awe na ndevu au na joho. Na vazi nalo halikumsaidia: kaptula imeondolewa, buluu imefifia, kitambaa kina michoro ya magamba na misuli imechorwa juu yake, na joho kwa sehemu kubwa ni kazi ya kompyuta. Cavill alijenga mwili wa ajabu, kisha wakamfunika kwa picha ya mwili. Katika baadhi ya hadithi za vitabu vya katuni, Martha, mama aliyemlea, ndiye anayelishona vazi hilo kutokana na mablanketi aliyokuja nayo. Katika picha hii analikuta ndani ya chombo cha kale cha kwao, sayari ya Krypton. Linamkaa vizuri, ila halina mkono wa mtu ndani yake, na nadhani ndiyo sababu sijawahi kulipenda.

Brandon Routh wa 2006 nampita haraka. Aliambiwa amrudie Reeve, akamrudia kwa heshima zote, mpaka hatukujua yeye mwenyewe angefanya nini. Nyekundu yake nayo ilikuwa imekolea hadi maruni.

Corenswet ndiye anayenipa moyo. Vazi lake lina kola ya kusimama, mishono inaonekana, na akikaa kitambaa kinajikunja tumboni kama nguo ya mtu yeyote aliyekaa. Kaptula imerudi. Mwongozaji James Gunn ameeleza kwamba alisitasita sana, akaamua baada ya Corenswet kumwambia kuwa mtu mwenye nguvu za kutisha, anayetaka watoto wasimwogope, ndiye hasa angevaa hivyo. Mwigizaji aliyefikiri nguo yake kwa undani huo ameshaanza kazi kabla kamera haijawashwa.

Mwonyeshe kijana wako yale mahojiano nyumbani kwa Lois. Rachel Brosnahan anamhoji mpenzi wake kama mwandishi anavyomhoji Superman. Hajavaa lile vazi la buluu, lakini anaanza kujibu kwa sauti ya Superman, imetulia, ya hadharani. Maswali yanapomkaza kuhusu kuingilia vita vya nchi nyingine, sauti ile inampasuka na anatokea kijana wa shamba la Kansas anayesema kwa hasira kwamba watu walikuwa wanakwenda kufa. Reeve anatuonyesha mtu akijificha kwa hiari. Hapa mtu anafichuka bila kutaka. Kwangu Reeve bado yuko juu, ila umbali si mkubwa tena.

BintiWaPangani

Fundi ameongea nguo, mimi naongeza baba. Kila Superman mpime kwa namna anavyokuwa mbele ya Jonathan Kent, baba aliyemlea.

Katika ile ya 1978 Glenn Ford anashika mkono wake, anajua kinachokuja, anaanguka palepale shambani kwa moyo. Clark yule kijana anasema makaburini kwamba ana nguvu zote zile na hakuweza kumwokoa. Mimi baba yangu aliondoka ghafla, na sentensi ile naielewa mwilini. Katika Man of Steel, Kevin Costner anamwinulia mkono asije, na kimbunga kinamchukua huku mwanawe anayeweza kumfikia kwa nukta moja amesimama anatazama. Nimejaribu sana kuikubali na imenishinda. Mtoto hasimami. Ya 2025 baba yupo hai, mzee wa kawaida mwenye machozi ya karibu, anakaa na mwanawe na kumwambia kwamba matendo yake ndiyo yanayomfanya awe alivyo. Picha inakwisha Superman akitazama video za utoto wake na hao wazazi waliomlea, badala ya ujumbe wa wale wa Krypton. Hapo ndipo Corenswet alipomshinda Cavill kwangu.

ChumaChaPua

Dada, Clark alisimama kwa sababu baba mwenyewe alimkataza. Ni utii, na utii ule ndio unaomtesa maisha yake yote. Sikatai kwamba inauma. Lakini hoja ya Fundi kuhusu miwani nimeikubali, kwa igizo la Mwalimu Cavill hatafaa.

MwalimuWaZamu

Nawashukuru sana. Jioni hii nimewaonyesha kile kipande cha sebuleni kwa Lois. Walianza kucheka, Reeve alipovua miwani wakanyamaza, kisha wakaomba nirudie. Kijana wetu ameanza kujaribu, tatizo ananyoosha shingo tu na kifua kinabaki ndani. Fundi, kuna namna ya kumsaidia kwa mavazi? Bajeti ni ndogo, tuna suti moja ya kuazima. Na je, kipo kipande kingine cha Reeve?

FundiWaMabega

Kipo, Superman III ya 1983. Picha nzima siisifii, vichekesho vimeimeza. Lakini tafuta pambano la kwenye uwanja wa magari mabovu. Superman ameharibika tabia, ndevu zimeota, vazi limegeuka la giza na uchafu, na Clark wa suti na miwani anatoka ndani yake wapigane. Reeve yuleyule pande zote mbili. Kwa mara ya kwanza Clark hajikunji, amesimama imara akiwa na miwani yake, na anashinda. Hapo kijana wako ataona kwamba upole na kujikunja ni vitu viwili tofauti.

Kuhusu suti: koti liwe kubwa kwake kwa saizi moja, si mbili, maana la saizi mbili halitamkaa hata akinyooka. Ondoa pedi za mabega ukiweza kufungua bitana bila kuichana, na kama ni mali ya mtu mwombe kwanza. Mikono ya koti iache ifike kwenye mizizi ya vidole gumba. Suruali apandishe juu ya kitovu akiwa mpole, mkanda ukazwe, hiyo itamvuta mgongo wenyewe.

Kunyoosha asianzie shingoni. Aanzie kwenye nyayo: asukume sakafu, magoti yafunguke, nyonga iingie chini ya mwili, mbavu zipande, mabega yarudi nyuma na kushuka, kidevu kiwe cha mwisho. Afanye taratibu kwanza huku amevaa koti, mwenzake akiwa nyuma ameweka kiganja katikati ya mgongo ili asikie kitambaa kinavyojaa. Vifungo vyote viwili vya koti viwe wazi, akifunga hatapata nafasi ya kifua.

Na kwenye miwani toeni vioo kabisa, ibaki fremu. Taa za jukwaani zikipiga kioo, walioketi nyuma hawatayaona macho yake.