Tupeane uzoefu: babu asiyeonekana kwenye daftari lolote

Mtu wa Isevya
Wakuu, juzi msibani hapa Tabora wazee walikaa kuhesabu ukoo kwa sababu ya kiwanja. Walipofika kwa baba wa babu, kila mmoja akaja na lake. Huyu anasema alikuwa mpagazi wa Mjerumani, yule anasema alikuja na reli. Reli ilifika 1912, sawa, ila mtu mwenyewe katoka wapi? Mliowahi kutafuta, mlianzia wapi?

Dada Gongoni
Parokiani. Usiende ofisi yoyote kabla ya parokia.

Mwanga Juu
Kama walibatizwa! Sisi wa Ujiji daftari la padri litatusaidia nini? Tafuta msahafu wa zamani, wazee waliandika vizazi na vifo kurasa za mwanzo, kwa herufi za Kiarabu.

Dada Gongoni
Mapadri wa White Fathers walifika hapohapo Ujiji 1879, na wapo watoto waliokombolewa utumwani wakalelewa misheni. Usikatishe watu tamaa.

Mwanga Juu
Nimesema mlango si mmoja, basi.

Mjukuu wa Mabruki
Ngoja niseme yetu, mada hii imenigusa pabaya. Kwetu tuliambiwa ni Wanyamwezi wa Unyanyembe, tena jamaa wa mtemi. Babu mkubwa tulimjua kwa jina moja tu, Mabruki. Ukiuliza ubini wake, wazee wanabadili maongezi.

Bibi mdogo alipofariki tukafungua sanduku lake la bati. Chini ya kanga kulikuwa na mfuko wa nailoni, ndani karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeshatoboka, wino umegeuka kahawia, muhuri wa tai pembeni. Kijerumani. Baba mdogo akasema ni hati ya shamba, furaha tele. Mwalimu mmoja akatusomea. Ilikuwa hati ya uhuru, zile ambazo boma la Mjerumani lilimpa mtumwa aliyeachiwa. Jina, Mabruki. Kabila, Manyema, watu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo. Na jina la bwana wake. Jamani, ni ukoo tunaokaa nao mtaa mmoja, tumeoleana nao!

Baba mdogo alitaka kuichana, mama akaidaka. Mpaka leo hawasalimiani. Kinachoniliza ni kwamba mtu huyu alivushwa ziwa akiwa mtoto, akatembezwa mpaka Tabora, na karatasi yake akaitunza. Alitaka tujue. Tuliomfuta ni sisi.

Fundi Reli
Dah. Pole sana ndugu yangu.

Mzee Kapembe
Mengine yaachwe yalale. Mnafukua marehemu ili iweje, wajukuu waanze kuitana watumwa?

Mjukuu wa Mabruki
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, aibu ni ya aliyemnunua.

Mwanga Juu
Huku Ujiji Umanyema mtu anautaja kifua mbele. Mzee hapo umekosea.

Mha wa Kasulu
Wetu alikwenda manamba kwenye mkonge, Tanga, hakurudi. Kilichorudi ni kipande chake, ile kadi ya kazi ya siku 30, siku chache zimetiwa alama, zilizobaki nyeupe. Kule watu walibadili majina. Usitafute jina, tafuta watu aliosafiri nao.

Fundi Reli
Mafaili ya Mjerumani yapo Nyaraka za Taifa, Dar, lakini yamepangwa kwa ofisi na shughuli. Ukienda na jina la babu tupu utarudi mikono mitupu. Kwanza pata boma na miaka. Bibi akisema "kabla ya Wabelgiji", kwa Tabora hiyo ni kabla ya Septemba 1916, walipouteka mji kwa Mjerumani. Andika.

Dada Gongoni
Kabla ya nauli ya Dar, kaa jikoni na bibi. Usimwashie simu ya kurekodi, atanyamaza.

Mha wa Kasulu
Mrekodi! Akiondoka utamuuliza nani?

Mtu wa Isevya
Asanteni. Mjukuu wa Mabruki, naomba tuongee faragha. Ukoo huo mliooleana nao, ni wa upande wa Kwihara?

Mjukuu wa Mabruki
Karibu. Njoo na majina ya wazee wenu wote, hata yale wanayoyakwepa.