Tupeane uzoefu: DSLR yako ya kwanza na lenzi zake ulinunuaje kwa bajeti ndogo?

Mgeni wa Shata: Wakuu, salaam. Natafuta DSLR (kamera ya kioo inayobadilishwa lenzi) ya kwanza na mfuko wangu wenyewe ni wa kuungaunga. Kila ninayemuuliza ananitajia bodi tu, yaani kamera yenyewe bila lenzi: hii ina megapikseli nyingi, ile inachukua video safi. Nikiuliza lenzi naambiwa "hiyo inayokuja nayo inatosha". Waliopita njia hii, hela mliigawaje, na vya mtumba mlivikaguaje? Mimi napiga zaidi watoto wangu na shughuli za ukumbini, usiku.

Mama Albamu: Karibu mkuu. Umesema ukumbini usiku, basi jibu lako nusu umeshalitoa. Mimi nilichukua bodi ya Canon ya daraja la chini iliyotumika, ikiwa na lenzi yake ya kuvuta, 18-55mm. Hela iliyobaki sikuipeleka kwenye bodi kubwa zaidi, niliipeleka kwenye lenzi ya 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu linafunguka zaidi na mwanga unaingia mwingi).

Nikueleze kwa nini. Ile 18-55 ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kuingizia mwanga haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Tuseme mwanga wa pale unakulazimisha upige kwa shata ya 1/15 ya sekunde. Mtoto anayecheza kwa 1/15 ni kivuli chenye nguo, si picha. Vaa ile 50, fungua hadi f/2, mwanga uleule na ISO ileile (wepesi wa kamera kupokea mwanga) unapata kama 1/125, na sura inaganda. Hakuna megapikseli zitakazokufanyia hivyo.

Ila ujue moja: sensa za bodi hizi ni ndogo, kwa Canon unazidisha 1.6 ukilinganisha na sensa kubwa ya fulu fremu, kwa hiyo 50mm inaona kama 80mm. Sebuleni utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado shangazi wawili wako nje ya picha. Picha za kundi mimi narudi kwenye 18-55 na flashi niliyoielekeza darini.

Fundi Lenzi: Naunga mkono, ila akienda Nikon asikimbilie 50mm yoyote anayoikuta. Shemeji yangu ana D3200, akapata 50mm f/1.8D kwa bei nzuri. Inaingia vizuri, inapima mwanga vizuri, lakini fokasi ni ya kuzungusha kwa mkono. Bodi za D3000 na D5000 na ndugu zao hazina mota ya fokasi ndani, na hiyo lenzi haina mota yake. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yaani yenye mota yake ndani. Kwa mtu wa ndani ya nyumba ningesema AF-S DX 35mm f/1.8G, maana kwa Nikon unazidisha 1.5 na unapata mtazamo wa kawaida kabisa. Ukipata D90 au D7000, hizo zina mota, zile lenzi za zamani zinakuwa halali yako.

Halafu kuna AF-P. Hiyo ni mota ya aina nyingine, na D3200 haiielewi kabisa, hata kuzungusha kwa mkono hakusaidii. Soma maandishi ya kwenye lenzi herufi kwa herufi kabla hujatoa hela.

Tochi Mfukoni: Upande wa mtumba niachieni mimi. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, mulika tochi kutoka nyuma, angalia kwa mbele ukiwa umeinamisha kidogo. Vumbi la chembe mbili tatu ni kawaida, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui kuanzia ukingoni. Hiyo ni kuvu. Ukiiona, rudisha lenzi taratibu na uage. Muuzaji mmoja aliniambia tochi inaunguza lenzi. Nilicheka, nikaondoka.

Bodi: weka f/22, piga ukuta mweupe huku fokasi ikiwa imepotea, kisha kuza picha. Madoa meusi yenye kingo laini ni vumbi la sensa, linasafishika. Mstari mkali usiohama hata baada ya kusafisha, achana nayo. Kuhusu shata, D3200 ilipimwa kiwandani kufikia mizunguko 100,000. Nikon huandika idadi ya mizunguko iliyokwisha kupigwa ndani ya faili la picha, kwa hiyo piga picha hapohapo, hamishia kwenye kompyuta na usome. Usikubali kuonyeshwa picha ya zamani. Bodi za Canon za daraja la chini haziandiki kwenye picha, hapo tegemea macho: mpira uliobanduka, vitufe vilivyofutika, skrubu zilizokwanguliwa.

Mbishi: Mimi nauliza tu, kwa nini DSLR wakati kampuni zenyewe zimehamia kamera zisizo na kioo?

Mama Albamu: Ndiyo maana hasa, mkuu. Wenye nacho wanahama na kuuza. Mdomo wa kufungia lenzi wa Canon, EF, upo tangu 1987, wa Nikon F tangu 1959, lenzi zimejaa. Na siku akihama, lenzi ya EF inaingia kwenye kamera za R, zile za Canon zisizo na kioo, kwa adapta. Angalizo tu kwa EF-S, lenzi za sensa ndogo: haziingii kwenye DSLR za fulu fremu.

Mgeni wa Shata: Asanteni sana. Kuna mtu ananipa bodi, 18-55 na 75-300 kwa mpigo. Hiyo ndefu si itanisaidia ukumbini nikikaa nyuma?

Fundi Lenzi: Haitakusaidia. Zile 75-300 za bei nafuu hazina kituliza mtikisiko, na ukifika 300 tundu ni f/5.6. Kwa mkono utahitaji kama 1/500, ukumbini huipati. Mwambie aitoe hiyo akupunguzie. Ukihitaji ndefu ya mchana baadaye, tafuta EF-S 55-250 yenye IS, yaani kituliza mtikisiko.

Tochi Mfukoni: Na katika hizo za mpigo ulizia betri na chaja kwanza. Betri ikivimba huingia kwa shida na kutoka kwa bisibisi. Itoe na uirudishe mwenyewe mbele yake.