Mfumo wa chuo ukikushtaki, nani anakutetea?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Nipo mwaka wa tatu, chuo nakihifadhi.

Muhula uliopita nilianza kupandisha kazi ya kikundi kwenye mfumo saa 5:52 usiku, mwisho ukiwa saa 6:00 kamili. Kiduara kikazunguka weee, mara umeme wa hosteli ukakata, waifai ikafa nao. Nikahamia bando la simu. Ilipokubali, ukurasa ukaniandikia kwa wekundu: 00:03, umechelewa. Kazi ya alama 10 tukapata 5. Na tupo saba kwenye kikundi.

Dakika 3 nimezimeza. Ila nilipokwenda kujitetea, mwalimu alifungua upande wake wa mfumo akaanza kunisomea: siku nilizoingia, notsi nilizofungua, na kwamba video ya wiki ya 4 sikuigusa kabisa. Kweli sikuigusa, kwa sababu niliinakili kwenye flashi ya CR (kiongozi wa darasa) kuokoa bando. Mfumo haujui habari za flashi. Na mimi sikuwa na upande wangu wa kufungua.

Enzi za makaratasi kulikuwa na daftari kwa sekretari. Unasaini, unaiona saini yako, na yeye anaiona. Sasa daftari lipo, ila kalishika mmoja. Ni haki? Nawasilisha.

Mchangiaji wa 2:
Ungetuma saa 1 jioni usingeandika gazeti lote hili.

Mchangiaji wa 3:
Mimi ni mwalimu msaidizi, nina darasa la watu zaidi ya 400. Msiyasifie sana makaratasi. Bahasha nzima ilikuwa inapotea ofisini, mwalimu anasema "hukuleta", unabaki na sapu yako (mtihani wa marudio). Leo angalau unapata risiti yenye saa. Hizo kumbukumbu za nani kafungua nini hata siziangalii, labda kesi itokee.

Mleta mada:
"Labda kesi itokee." Mwalimu wangu, hapo ndipo penyewe. Zinakaa kimya mpaka siku ya kunishtaki.

Mchangiaji wa 4:
Nyie mnalilia dakika, sisi wa tasnifu tunalizwa na asilimia. Unaitwa ofisini, unaambiwa mashine imesema asilimia fulani ya sura ya pili imeandikwa na akili mnemba. Ukiomba kuonyeshwa ni aya ipi, kompyuta inageuziwa ukutani.

Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilizima kigunduzi cha namna hiyo cha Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi. Walipiga hesabu ya sokoni tu: mwaka 2022 walipitisha kazi 75,000, kwa hiyo hata mashine ikikosea kwa asilimia 1, kazi kama 750 zinasingiziwa. Mwaka huohuo wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vigunduzi 7 kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha ziliitwa kazi ya mashine! Sisi tuliokariri Kiingereza kwa viboko tunaponea wapi?

Mchangiaji wa 3:
Hilo la asilimia nakubali. Mimi mwenyewe sijui inazipataje.

Mchangiaji wa 2:
Na wanaonakili kweli tuwafanyeje, tuwapigie makofi?

Mchangiaji wa 4:
Waite, waulize maswali kuhusu walichoandika. Dakika kumi zinatosha, na mashine haihitajiki.

Mchangiaji wa 5:
Mleta mada, hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Una haki ya kuomba taarifa zako, na vyuo havikuachwa nje. Andika kwa msajili, omba kumbukumbu zote za akaunti yako usiku ule. Hapa jukwaani yupo aliyewahi hata kujaribu?

Mleta mada:
Nimepeleka barua leo asubuhi, mkuu. Masijala wameirudisha. Wanasema maombi yote ya wanafunzi siku hizi yanapokelewa kupitia mfumo.