Mjadala: Powys ivunjwe zirudi kaunti tatu, au iachwe ilivyo?

Mleta mada

Wadau, habari za jioni. Huku katikati ya Wales kuna hoja isiyokufa. Wenyeji wengi, hasa watu wazima, wanataka kaunti yetu ya Powys ivunjwe na zirudi kaunti za zamani: Montgomery, Radnor na Brecknock. Ziliunganishwa 1974 zikawa wilaya chini ya Powys. Mwaka 1996 wilaya nazo zikafutwa, kila kitu kikaingia kwenye halmashauri moja yenye makao Llandrindod Wells. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, nashinda barabarani kutwa, na msimamo wangu ni kwamba kugawa hakutatusaidia kitu.

Kwa wasiopajua: Powys ina kilomita za mraba kama 5,200, karibu robo ya Wales nzima, na sensa ya 2021 ilikuta watu 133,000 hivi. Mji mkubwa kuliko yote, Newtown, una watu kama 11,000. Lakini usiishie kwenye ukubwa, tazama mito. Severn na Wye inatoka mlima mmoja, Pumlumon, halafu kila mmoja unashika njia yake: huu Shrewsbury, ule Hereford. Usk unateremkia Abergavenny, Tawe unakwenda Swansea, Dyfi unakimbilia bahari ya magharibi. Barabara zikafuata mabonde, watu wakafuata barabara. Mtu wa Welshpool kaskazini ana shughuli gani Brecon kusini? Akitaka duka kubwa au daktari bingwa anaangalia Shrewsbury, na huko ni England. Kila upande umeipa Llandrindod mgongo, na ukigawa mara tatu migongo itabaki pale pale.

Jambo linalowauma watu zaidi ni hospitali. Powys nzima haina hospitali kubwa ya rufaa, zipo ndogo ndogo tu. Bibi mmoja ninayemhudumia aliandikiwa kliniki Hereford, nako ni England, saa tatu asubuhi, na kijijini kwake hakuna basi la kumfikisha saa hiyo. Tulipiga simu huku na huku hadi jirani akajitolea gari. Halafu 2025 bodi ya afya ya Powys, kwa kubanwa na bajeti, ikaziomba hospitali za England zisiwatibu watu wa Powys haraka kama zinavyowatibu wa kwao, wasubiri kwa foleni ya Wales. Bodi hiyo haiko chini ya madiwani. Sasa halmashauri tatu zingeizuia vipi?

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umechanganya mafaili. Hospitali weka pembeni, tuzungumzie shule na barabara, ambazo kweli ni za halmashauri. Merthyr Tydfil ina watu wasiofika 60,000 kwenye kilomita za mraba kama 111, na ina halmashauri yake. Montgomery peke yake ina watu zaidi ya hao. Kwa nini wao wajiamulie, sisi shule ya kijiji ifungwe kwa kura za madiwani wa Ystradgynlais, kusini kabisa, ambao hata njia ya kuja huku hawaijui? Kutoka Llanfyllin, huku Montgomery, kwenda Llandrindod kusikiliza kikao ni zaidi ya saa moja ya kona na matrekta. Mtu ana ng'ombe wa kukamua, ataenda saa ngapi?

Mchangiaji wa tatu

Montgomery sawa, itasimama. Radnor je? Mwaka 1971 ilikuwa na watu kama 18,000, wachache kuliko kaunti zote za England na Wales. Hao watalipia wakurugenzi wao, ustawi wa jamii wao, magari yao ya kumwaga chumvi barabarani wakati wa barafu? Mnajua wenyewe kodi ya halmashauri inavyopanda. Hapo nimetaja gharama za kawaida tu, sijagusa matunzo ya wazee, na Powys imejaa wazee.

Mchangiaji wa nne

Mimi nauliza la maji. Mabwawa ya Elan, jirani na Rhayader, yalizinduliwa 1904 na maji yanateremka yenyewe kilomita zaidi ya 100 hadi Birmingham. Radnor ingekuwa na mrabaha wa maji hayo isingekuwa maskini. Haya, endeleeni.

Mleta mada

Ndugu wa pili, kwenye shule nakupa haki yako. Lakini dawa ni kurudisha madaraka bila kuzidisha ofisi. Baada ya 1996 zilikuwepo kamati za maeneo hayo matatu ndani ya halmashauri hiyo hiyo. Zirudishwe, safari hii zikiwa na fungu lao na kura ya mwisho kuhusu shule za msingi na barabara ndogo. Madiwani wapo 68, wanatosha, wagawane kwa mabonde. Vikao vifanyike Newtown, Brecon na Llandrindod kwa zamu, tena jioni, ng'ombe wakishakamuliwa.

Wa nne, la mrabaha ni zito, ila halmashauri haina mamlaka juu yake, iwe moja au tatu. Hilo lipeleke kwa serikali ya Wales kule Cardiff na ya Uingereza kule London.

Anayetaka kaunti tatu aje na jibu la Radnor: nani atalipia? Nasubiri.