Naomba ushauri: seleri imeniharibia maharagi

Ndugu na dada, nawasalimu kutoka Bukavu. Naomba ushauri juu ya seleri, ambayo mama wauzaji wa soko la Kadutu hunifungia pamoja na puaro (mboga ya jamii ya kitunguu) katika fungu moja. Juma lililopita nilikatakata majani yote ya seleri, nikayatia katika maharagi tangu mwanzo, yakachemka pamoja kwa saa mbili. Mchuzi ukawa mchungu kiasi kwamba mama mkwe wangu, ambaye hakosoi chakula cha mtu, aliisukuma sahani polepole bila kusema neno. Jambo hilo liliniumiza sana.

Ninajua kwamba majani yana ladha kali kuliko mashina, na kwamba Wafaransa huanza supu nyingi kwa kukaanga taratibu kitunguu, karoti na seleri, kitunguu kikiwa maradufu ya kila kimoja cha vingine. Je, nikaange mashina hivyo kabla ya kuyamimina maharagi, kisha majani machache yaingie mwishoni, au niyaache kabisa? Na kwa sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, je, seleri huondoa shombo vizuri, au persili, iliyo ya jamii moja nayo, inatosha? Nyuzi ngumu za mashina nazo mnaziondoaje?