Tupeane uzoefu: moduli ya kuwashia inapokufa kwa joto, Malindi na vitongoji vyake

Mwanzilishi, Malindi mjini
Ndugu zangu, salaam. Miezi ya kaskazi, kabla masika hayajaingia, magari ya petroli yenye distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) hutusumbua kwa namna moja: gari linatoka Gongoni bila tatizo, linazimwa sokoni kwa muda wa kununua samaki, na likiwashwa tena stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki mpaka ipoe. Waliokabiliana na hali hii watueleze walivyoikinga moduli, yaani kile kifaa cha elektroniki kinachoamuru cheche za plagi. Pampu ya mafuta tuiache kwa leo.

Fundi, Maweni
Mzee wangu, wengi hukimbilia kuikinga moduli na joto la injini, wakasahau kwamba yenyewe pia huzalisha joto. Ndani yake mna transista, swichi ya elektroniki inayokata na kurudisha umeme wa koili (kifaa kinachoupandisha umeme mpaka utoe cheche) mara nyingi kwa kila sekunde, na joto la kazi hiyo halina pa kutokea ila mgongo wake wa chuma uliolala juu ya distributa. Baina ya vyuma hivyo viwili kiwandani hupakwa grisi nyeupe ya kupitisha joto, ambayo baada ya miaka hukauka ikawa kama chokaa. Mimi huifungua moduli, nikafuta pande zote mbili mpaka chuma king'ae, nikapaka utando mwembamba wa grisi hiyo, kisha nikakaza skrubu zote kwa usawa. Anayepaka donge zima anaharibu, kwa sababu grisi ikiwa nene yenyewe inakuwa kizuizi. Na grisi ya beringi haifai kabisa.

Dereva wa watalii
Range Rover yangu ya V8, ninayopandia Marafa, moduli yake ilikuwa imefungwa ubavuni mwa distributa, katikati ya injini, pahali penye joto kupita kiasi. Fundi aliihamishia upande wa ndani wa madigadi, juu ya bamba nene la alumini, akarefusha nyaya na kuzitenga na zile za plagi ili zisiingiliane. Wala si ubunifu wa kienyeji: Ford nao, baada ya moduli za kwenye distributa kuwasumbua, waliziondoa hapo katika magari yao ya baadaye na kuziweka juu ya alumini mbali na injini. Tangu wakati huo barabara ile naipanda hata saa saba mchana.

Mwanachama, Watamu
Naongeza neno moja kuhusu koili. Kwa umeme wa volti 12, koili yenye ukinzani wa omu 3 haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 4, ilhali ya omu 0.8 inaweza kufikia 15. Moduli isiyo na uwezo wa kudhibiti umeme ikifungiwa koili isiyo yake itaungua, hata ukiipaka grisi ya aina gani. Plagi zilizolika nazo zibadilishwe mapema.

Fundi mwingine, Mambrui
Kabla ya kununua spea, hakikisheni kwanza. Gari likigoma likiwa moto, angalieni cheche za plagi hapo hapo. Kama zipo, moduli haina kosa. Gari likiwa limepoa na linanguruma, mimi huelekeza kikausha nywele kwenye moduli: injini ikizimika, na ikashika tena baada ya moduli kupoa, jibu limepatikana. Msimwage maji baridi juu yake, kwani kifuniko chake huweza kupasuka. Na kwetu huku pwani, waya wa negatifu unaounganisha injini na bodi huliwa na chumvi. Usafisheni na kuukaza.

Mwanzilishi
Nashukuru. Je, nikikosa grisi hiyo kwenye duka la spea?

Fundi, Maweni
Ile inayopakwa juu ya prosesa ya kompyuta inafaa, na mafundi wa kompyuta hawaikosi. Chagua nyeupe ya silikoni, kwa kuwa baadhi ya zile zenye unga wa madini hupitisha umeme, na ikifika kwenye pini za moduli italeta shoti. Ukishamaliza safari ndefu, acha boneti wazi kidogo: feni na maji vikisimama, joto humo ndani hupanda kwanza kabla ya kushuka.